Kuvua viatu, kuvua hofu: Jinsi waumini wa mwambao wa Kisumu wanavyojiandaa kusimama mbele za Mungu

IJUMAA jioni, jua linapokaribia kuzama upande wa Ziwa Victoria, familia nyingi kutoka Kisumu hadi Kendu Bay na Homa Bay huwa zimekwisha kufua nguo, kupika na kufagia ua. Hao ni waumini wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambao Sabato yao huanza jua linapotua. Siku nzima ya Ijumaa wao huiita Siku ya Maandalizi.

Saa hizo hizo, Waislamu wa mjini Kisumu huwa wanainama kwenye mabomba ya misikiti yao, wakitawadha kwa ajili ya swala ya magharibi. Jumapili itakapofika, wafuasi wa Legio Maria watavua viatu na kuingia kanisani wakiwa miguu mitupu, huku waumini wa makanisa ya Roho wakipita barabarani na kanzu zao nyeupe zilizoshonwa misalaba mekundu.

Madhehebu haya yanatofautiana katika mengi, lakini yanakubaliana katika jambo moja: mtu haendi mbele za Mungu kama anayeingia sokoni. Sharti ajiandae. Na kwa kuwa maandalizi hayo humlazimu mtu kujitazama, hofu huamka. Je, nitapokewa? Je, niliyoyatenda hayatanifichua?

Katika mwambao huu, swali hilo si la wanatheolojia peke yao. Wapo wanaoacha kwenda ibadani kwa miaka kadhaa kwa sababu wanajiona wachafu. Wapo wanaotoa fedha ya mwisho mfukoni ili waombewe waondokewe na hofu. Aidha, wapo wajane ambao jamii imewaambia kwamba hawawezi kupita mlangoni mwa mtu mwingine mpaka watakaswe. Kwa hao, kujua tofauti kati ya hofu inayomjenga mtu na ile inayombomoa ni jambo la uhai.

HOFU NA KICHO

Lugha ya Kiswahili imehifadhi tofauti hiyo kwa muda mrefu. Kuna hofu, na kuna kicho. Mwenye hofu hukimbia. Mwenye kicho husogea, ingawa husogea kwa adabu. Ndiyo maana mtu mwema husemwa kuwa anamcha Mungu. Haisemwi tu kwamba anamwogopa, kama anavyoogopwa chui au askari. Waislamu nao hutumia neno uchaji kwa maana ya takua, yaani hali ya moyo uliokesha ukijua kwamba Mola anauona.

Katika Kijaluo, lugha ya wenyeji wengi wa ufuo huu, neno la hofu, luoro, linakaribiana sana kwa sauti na luor, yaani heshima. Jina la Mungu katika lugha hiyo, Nyasaye, huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kusihi au kuomba kwa unyenyekevu. Kwa hiyo, hata kabla ya wamishonari kufika, Mungu katika fikra za wenyeji alikuwa yule anayesihiwa, na asihiwaye hakimbiwi.

Maandiko yanaonyesha tofauti hiyo kwa visa. Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu aliposikia Mungu akitembea bustanini alijificha kati ya miti kwa sababu aliogopa. Katika kitabu cha Kutoka, Musa naye aliogopa mbele ya kijiti kilichowaka bila kuteketea, akafunika uso. Hata hivyo, alivua viatu na kubaki pale pale, akazungumza, akauliza maswali, hata akajaribu kukataa kazi aliyopewa. Wote wawili waliogopa, lakini mmoja alijificha na mwingine akabaki.

Wanazuoni wa Kiislamu nao hufananisha hofu na matumaini na mabawa mawili ya ndege. Ndege mwenye bawa moja haruki. Mwenye hofu tupu hukata tamaa, na mwenye matumaini matupu hufanya mzaha.

ZIWA LENYE MAJIBU MENGI YA HOFU

Ni vigumu kuielewa dini ya mwambao huu bila kulielewa ziwa lenyewe. Wavuvi wa omena huingia majini usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa taa zao ndizo huwavuta samaki. Dhoruba huweza kuzuka kwa ghafla na kuipindua mashua. Anayefanya kazi hiyo hahitaji kufundishwa kwamba binadamu ni mdogo.

Haishangazi basi kwamba ziwa hilo hilo limezaa dini. Mwaka 1913, mtu mmoja wa Alego aliyeitwa Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza kisha akamtema akiwa mzima, akampa ujumbe wa kuwapelekea watu. Ujumbe huo uliikataa dini ya Wazungu na utawala wao, ukaenea hadi Gusii, na serikali ya kikoloni ikawasaka viongozi wake. Kisa hicho kina umbo la safari ya kuingia mahali pa kutisha na kutoka na neno.

Miaka sita kabla yake, mwaka 1907, Johana Owalo, mzaliwa wa Asembo, alieleza kuwa alichukuliwa katika maono hadi mbinguni. Mwaka 1914 alianzisha Kanisa la Nomiya, ambalo huhesabiwa miongoni mwa makanisa ya kwanza kabisa ya Kiafrika yaliyojitegemea nchini Kenya. Jina lenyewe, Nomiya, maana yake ni kwamba "nilipewa". Katika neno hilo moja, anayesimama mbele za Mungu anakiri kwamba alichonacho ni kipaji, wala hakukinunua.

Hata hivyo, hofu iliyowasumbua watu wengi haikuwa ya Mungu. Ilikuwa hofu ya uchawi, ya juogi, yaani mizimu na pepo wanaoweza kumpanda mtu, na ya chira, maradhi ya kukondeana yanayoaminika kumpata anayevunja mwiko, au jamaa zake. Chira ina uzito wake kwa sababu humpata hata asiyekusudia kosa. Mtu huweza kuishi kwa uadilifu na bado akahofia kwamba kuna kanuni aliyoikiuka bila kujua.

Ni katika hofu hiyo ambamo Gaudencia Aoko alijitokeza. Aoko alikuwa mwanamke kijana aliyefiwa na watoto wake wawili kwa siku moja, vifo ambavyo vilihusishwa na uchawi. Badala ya kutafuta hirizi yenye nguvu zaidi, aligeuka akaanza kuhubiri dhidi ya uchawi na hirizi. Mwaka 1963 makundi makubwa ya watu wa Nyanza yalimfuata ili kubatizwa. Yeye na Simeo Ondeto ndio walioongoza vuguvugu lililojitenga na Kanisa Katoliki na kuwa Legio Maria. Aoko alijitenga na kanisa hilo miaka michache baadaye. Ondeto alifariki mwaka 1991, na mlima wa Got Kwer katika Kaunti ya Migori umebaki kuwa mahali pa hija kwa waumini.

Mafundisho ya Aoko yalikuwa na mantiki rahisi. Anayetaka kusimama mbele za Mungu hawezi kushika rozari kwa mkono mmoja na hirizi kwa mkono wa pili. Hofu mbili haziwezi kukaa katika moyo mmoja kwa muda mrefu, kwa maana moja lazima itaitawala nyingine.

VIATU, MAJI NA NGUO NYEUPE

Matendo ya maandalizi yanayoonekana katika mwambao huu yana maana nyepesi kueleweka. Kuvua viatu ni kukiri kwamba ardhi hii si yangu. Viatu hubeba vumbi la kila mahali mtu alipopita. Vilevile, miguu mitupu huwafanya watu wafanane, kwa kuwa aliyekuja na viatu vya ngozi na aliyekuja na ndara hukanyaga sakafu ile ile.

Nguo nyeupe nazo hukumbusha kwamba mtu hawezi kuficha doa. Kufunga, yaani kujinyima chakula kwa muda, humfundisha mwili kuwa yeye si bwana. Wapo wanaokwenda kuomba na kufunga katika mapango ya Kit Mikayi, miamba mikubwa iliyopandana huko Seme, magharibi mwa Kisumu. Wenyeji waliiheshimu miamba hiyo tangu kale, na leo waumini wa makanisa mbalimbali huwasha mishumaa chini yake.

Maji ndiyo alama inayokutanisha wengi zaidi. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kutawadha, ambacho Waislamu hukitumia kwa udhu na Wakristo hukitumia kwa kuoshana miguu. Muislamu huosha mikono, uso na miguu yake mwenyewe kabla ya swala, akiwa na nia moyoni. Muadventista, kabla ya kushiriki Meza ya Bwana, huoshwa miguu na mwenzake, naye akamwosha.

Desturi hiyo ya Waadventista imekuwapo mwambaoni tangu kanisa lao lilipoanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Ugumu wake haumo katika maji, bali katika kuchagua mwenzi. Mtu anajua ni nani ndani ya kanisa ambaye hawajasemezana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, na anajua kwamba anayestahili kuinamiwa na beseni ni huyo. Wengi huchagua rafiki. Wachache huvuka chumba na kwenda kwa adui, na hao ndio husimama mezani wakiwa wepesi.

Fundisho hilo lina mizizi mirefu. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anamwelekeza anayepeleka sadaka madhabahuni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza. Zaburi mbili zinazouliza ni nani awezaye kuupanda mlima wa Mungu, ile ya 15 na ile ya 24, hazitaji mavazi wala kabila. Zinataja mikono safi, ulimi usiosingizia, na mtu asiyewala wenzake riba. Katika Uislamu pia, toba ya aliyemdhulumu mwenzake haikamiliki mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe.

Kwa maneno mengine, njia ya kwenda kwa Mungu hupitia kwa jirani. Na hapa ndipo hofu nyingi hupata chanzo chake. Mtu hudhani anamwogopa Mungu, kumbe anaogopa kukutana na yule aliyemkosea.

MAANDALIZI YANAPOGEUKA KUWA MTEGO

Si kila linaloitwa maandalizi humfikisha mtu kwa Mungu. Mfano ulio wazi zaidi mwambaoni ni wa mjane. Kwa desturi ya Waluo, mwanamke aliyefiwa na mumewe huwa katika hali iitwayo chola. Akiwa humo hatarajiwi kuingia katika nyumba za watu wengine, mpaka mila zitimizwe, na kwa kawaida mila hizo zilimtaka apokewe na jater, yaani mwanamume wa kumrithi. Anayekaidi huambiwa kwamba chira itawaangukia watoto wake.

Utamaduni huo ulikusudiwa kumpa mjane na watoto wake kimbilio katika ukoo. Lakini ugonjwa wa Ukimwi ulipoenea Nyanza, tendo la kumtakasa mjane likawa njia ya kusambaza mauti. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 iliorodhesha kumrithi mjane kwa lazima na kumtakasa mjane miongoni mwa vitendo vya unyanyasaji. Makanisa kadhaa ya mwambao pia yamekuwa yakiwaombea wajane na kuwatangaza kuwa huru bila tendo hilo.

Hata hivyo, sheria haiondoi hofu iliyomo moyoni. Mjane anayekaa nje ya lango la jirani, au kwenye benchi la nyuma kanisani, hana kosa lolote la kutubu katika kufiwa kwake. Uchafu anaoubeba alivikwa na wengine. Maandiko anayoyasikia kila Jumapili humwita Mungu mtetezi wa mjane. Itakuwa ajabu basi kama mlango utakaofungwa mbele yake utakuwa wa nyumba ya Mungu huyo.

Mtego wa pili ni wa wanaofanya biashara ya hofu. Mbinu yao haibadiliki: kwanza humwonyesha mtu laana ambayo hakujua kuwa anayo, kisha humwuzia dawa yake, iwe ni maji, mafuta au ada ya maombi. Mgonjwa huambiwa aache dawa za hospitali ili aonyeshe imani. Mnyonge hutoka akiwa na hofu mbili, ile aliyokuja nayo na ile aliyopewa.

Mwisho wa njia hiyo Wakenya waliushuhudia mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Wachunguzi walieleza kwamba waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha. Funga, ambayo katika dini nyingi ni shule ya kiasi, iligeuzwa kuwa silaha. Maandalizi ya kumkaribia Mungu yanayomtenga mtu na jamaa, chakula, daktari na maswali yake mwenyewe yamekwisha kupotea njia.

HOFU INAYORUDISHA KITI, KICHO KINACHORUDISHA UNDUGU

Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maduka mengi ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa. Miji mingine pia iliathirika. Huko Mombasa, vyombo vya habari viliripoti kwamba baadhi ya waliopora walianza kurudisha mali, viti na magodoro, kwa kuhofia kwamba wenye mali walikuwa wamekwenda kwa waganga na kwamba wezi wangepatwa na madhara.

Kisa hicho kiliwachekesha wengi, lakini kina funzo. Hofu ilirudisha kiti. Haikumrudisha aliyekichukua kwa mwenye duka akamwangalie usoni na kusema amekosa. Laiti hofu ingeondoka usiku ule, kiti kingebaki. Kicho hufanya kazi tofauti, kwa kuwa humtuma mtu arudishe hata kile ambacho hakuna aliyemwona akikichukua.

Mwambaoni, madeni ya aina hiyo hayaishi. Kuna mchuuzi wa samaki anayejua kwamba kipimo chake ni pungufu. Kuna mvuvi anayemtaka mwanamke mwili wake kabla ya kumwuzia samaki, mtindo uitwao jaboya, ambao umewaumiza wanawake wengi wa fuo hizi. Kuna ndugu aliyehamisha mpaka wa shamba la mayatima. Watu hawa wanaweza kufunga siku tatu na kuvaa nyeupe tupu, lakini Waswahili walisema mficha uchi hazai.

HATUA ZA MTU WA KAWAIDA

Kutokana na desturi hizi mbalimbali, mtu anayetaka kujiandaa bila kuzidiwa na hofu anaweza kuokota mambo manne.

Kwanza, aitaje hofu yake kwa jina. Je, anaogopa adhabu, aibu, chira, au mtu fulani? Hofu isiyotajwa hukua gizani kama kivuli cha taa ya mvuvi. Inapotajwa mbele ya Mungu, au mbele ya kiongozi wa dini anayeaminika na asiyedai malipo, hupungua kimo.

Pili, arekebishe linalorekebishika. Deni lilipwe, au aliyekopesha aombwe muda. Neno la kuomba radhi litamkwe. Asubuhi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko mkesha wa kelele.

Tatu, akubali kwamba hatawahi kuwa safi kiasi cha kutosha kwa nguvu zake. Nabii Isaya alipoona utukufu hekaluni alilia kwamba ameangamia kwa kuwa midomo yake ni michafu. Hakuambiwa atoke nje akajisafishe. Kaa la moto lilitoka madhabahuni likaigusa midomo hiyo, yaani utakaso ulitoka kule kule alikokuogopa. Waraka kwa Waebrania nao unawahimiza waumini wakikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, nao uliandikwa kwa watu dhaifu.

Nne, asiende peke yake. Maandalizi ya Ijumaa katika boma la Muadventista ni kazi ya nyumba nzima: mmoja anafua, mwingine anachota maji, watoto wanapiga viatu rangi. Msikitini watu husimama bega kwa bega. Anayeogopa huona kwamba aliye kando yake naye anatetemeka kidogo, na hilo peke yake humpa moyo.

Jua likishatua nyuma ya ziwa, kazi za Ijumaa hukoma hata kama ua haujafagiliwa wote. Pengine nguo moja itakuwa bado mbichi kwenye kamba, na sufuria moja haijasuguliwa. Sabato huingia hata hivyo. Waliojiandaa vizuri na waliojiandaa nusu huketi pamoja kuanza wimbo, na kama kuna mjane wa jirani aliyesimama nje ya lango akisita, kitu cha mwisho kilichobaki katika maandalizi ya nyumba hiyo ni kutoka na kumkaribisha ndani.